Maji Uliyoibebea Mibambara

Mbeyu mwanangu,

Begi lako liko hapo mlangoni, limefungwa tayari, na kila nikiinua macho naliona. Wewe na mama yako mmekwenda Mariakani kuwaaga shangazi zako, mtarudi jua likizama, na mimi nimebaki kwa kisingizio cha mbuzi. Mbuzi hawana neno. Nimebaki ili niandike, kwa sababu ana kwa ana sitaweza. Wanijua. Nikianza kusema jambo zito naishia kumfokea mtu kuhusu mlango wa zizi.

Sitakuandikia habari za pasi, wala simu, wala namba ya kupiga ukipatwa na shida. Mama yako na yule wakala wamekufundisha hayo mpaka sasa wayasema usingizini. Habari za kusali pia naziacha, maana wewe wasali kuliko mimi. Nataka kukuandikia habari za mibambara ya bondeni. Najua umeichoka. Katika nyumba hii hakuna anayeitaja tena, na mama yako akienda kutafuta kuni hupita mbali nayo. Lakini kesho asubuhi unapanda gari la wakala pale Samburu, na siku chache zijazo utakuwa Uarabuni, katika jiko la watu usiowajua, na chanzo cha yote ni ile miti. Mimi najua na wewe wajua. Acha basi niseme mwenyewe, angalau mara moja, kabla hujaondoka.

Babu yako alipokuja huku kutoka Kitui kutafuta ardhi, alikuja na mahindi. Aliyapanda hata mahali ambapo mahindi yenyewe hayakutaka. Kilimo alichonifunza kilikuwa hiki tu: mmea ukinyauka umwagilie, usipozaa utie mbolea. Kwake hakukuwa na mmea ulimwenguni usiotaka kuongezewa. Nikakua na imani hiyo, nikaishika kuliko ile ya kanisani.

Nilipomwoa mama yako nilikuta kwao, kama kwa Waduruma wengi wa Kinango, zizi la mbuzi limezungushiwa mibambara. Mimi niliiona kama takataka. Mti mfupi wa miiba, gome lake linabanduka kama karatasi iliyolowa, majani unayo wakati wa mvua peke yake na miezi mingine yote waonekana umekufa. Nikawaona wajomba zako wakikata fimbo nene za mti huo, wakazilaza kivulini siku nyingi mpaka pale palipokatwa pakakauka, ndipo wakazichomeka ardhini, tena ardhi ikiwa kavu, kabla ya mvua. Nilicheka mpaka mama yako akanuna. Nilimwambia kwao wanapanda kuni.

Kisha akaja Bwana Faraj, mnunuzi kutoka Mombasa. Ulikuwa darasa la sita, na wewe ndiwe uliyemletea maji ya kunywa, akakuita mama na ukaona haya. Alikuwa na kikopo chenye madonge ya utomvu, mekundu kwa manjano, akakileta mpaka puani pangu.

"Sikia hiyo," akasema. "Huu ni jamaa yake manemane. Huko Uarabuni hakuna nyumba isiyokuwa na chetezo, wafukiza asubuhi na jioni. Na nyinyi hapa, mashallah, mwafungia mbuzi!"

Nikamuuliza mti huchukua muda gani mpaka uanze kuchanjwa.

"Ah, huu si mti wa haraka, bwana. Wataka subira. Ukishapanda, uache."

Yeye alisema subira, mimi kichwani nikasikia mbolea. Nilijiona nimewapita wajomba zako wote kwa akili. Kama mti wa zizini, usioangaliwa na mtu, watoa utomvu kidogo, je, ukilishwa na kunyweshwa utatoa kiasi gani? Hesabu hiyo niliipiga palepale, Bwana Faraj hajamaliza maji yake.

Ya kwanza niliikata asubuhi na kuipanda jioni, mibichi, na kuimwagia maji mpaka udongo ukawa uji. Ikaoza. Ukiing'oa, chini ni nyeusi na yanuka kama tembo la mnazi lililolala. Sikumuuliza mtu. Nilikata mingine na kuipanda tena, na katika hiyo iko iliyoshika. Ziko fimbo zilizobaki, zikakaa kando ya ghala muda mrefu mpaka nikasahau. Wewe ndiwe uliyezichukua. Ulizipeleka kule juu kwenye mawe, ukazichomeka mstari mmoja mrefu, ukasema nawe una shamba. Nikakuacha ucheze.

Halafu yakaanza maji. Sijui wewe wayakumbukaje. Mimi nakumbuka sauti ya mitungi mitupu ikigongana juu ya punda, alfajiri, nami bado nimelala. Silanga, lile bwawa tulilochimba na majirani, ilikuwa mbali kiasi chake, lakini angalau ilikuwa na maji. Ilipogeuka tope ukawa waenda mpaka kwenye bomba la Samburu, na huko kuna foleni, na madereva wa malori wanaokuita kwa majina yasiyo yako. Kila mti wa bondeni ulipata kopo lake asubuhi na kopo lake jioni. Mimi nilikuja nyuma yako na samadi, na mbolea ya dukani, nikizunguka shina kwa shina na kuinyunyiza kwa mkono huu ninaoandikia. Nilikuwa naongea nayo. Uliwahi kunisikia ukacheka, nami nikakwambia miti yajua inapopendwa.

Mwalimu wako wa darasa la nane alikuja hapa kwa miguu, na jua lile. Ulikuwa bombani. Alikataa kiti.

"Mzee, mtoto huyu ana kichwa," akaniambia. "Lakini kichwa chenyewe sikioni darasani. Anakuja saa nne, amechoka, analala."

"Mwalimu, njoo nikuonyeshe," nikamwambia. Nikampeleka bondeni. Nikamwonyesha miti. Nikasema, "Hii ndiyo karo yake. Ikisimama hii, atasoma mpaka achoke mwenyewe."

Aliitazama, akanitazama, akasema haya. Mpaka leo nikikutana naye sokoni naingia duka lolote lililo karibu, hata la dawa za mifugo.

Na kweli ilipendeza, sitasema uongo. Ilipanda juu kunizidi, ikanenepa, ikawa na majani kiangazi wakati mibambara yote ya Kinango iko uchi. Watu wa kanisani walipita Jumapili kuitazama. Nilikuwa nasimama kule na kofia yangu, nikisubiri mtu aulize. Mama yako peke yake ndiye aliyekuwa hafurahi.

"Baba Mbeyu, mti huu kiangazi kazi yake ni kulala," akaniambia. "Wewe umeunyima usingizi."

"Kwenu ndiko kunakolala miti," nikamjibu. Ndiyo raha niliyokuwa nayo siku zile, kumjibu mtu vibaya nikidhani nina haki.

Bwana Faraj aliporudi na kisu chake kidogo, ulikuwa umeshafanya mtihani, matokeo hayajatoka. Alichanja mti wa kwanza wa bondeni. Yakachuruzika majimaji meupe, mepesi, kama ya papai bichi. Akachanja wa pili, wa tatu. Akasema tuipe muda, labda yataganda. Kisha, kwa kuwa Bwana Faraj hakutaka kuondoka na huzuni ile, mama yako akampeleka kule juu kwenye mawe, kwenye mstari wako. Kulikuwa na miti michache, mifupi, imejipinda, mwingine haunifiki kiunoni. Akachanja na hiyo, akaenda zake.

Alirudi baada ya wiki mbili. Bondeni tulikuta utando mwembamba uliojaa sisimizi, akausugua vidoleni, akaunusa, akajifuta kwenye suruali. Juu kwenye mawe kila jeraha lilikuwa limefungwa na donge gumu, jekundu, na harufu yake tuliipata kabla hatujafika.

"Hii ndiyo," akasema, akiyabandua madonge na kuyatia kikoponi, na kucheka kwa furaha kabisa. "Hii imepata tabu. Ikipata tabu, yatoa!"

Mbeyu, neno hilo lilinichoma wakati ule kwa sababu ya miti. Sasa linanichoma kwa sababu nyingine, na nitaifikia.

Yaliyofuata wayajua. Matokeo yakaja, na shule ya sekondari uliyoitaka hukuitwa, na hata ile uliyoitwa sikuwa na cha kukupeleka, maana karo yako ilikuwa imesimama bondeni ikitoa majimaji. Kisha mvua zikakosa, bomba likafungwa kiangazi kizima, punda akafa. Ile miti yangu mikubwa ikaanguka. Iliyobaki imesimama ililiwa na funza kwa ndani, mti ulikuwa laini hata ukucha unazama. Niliung'oa mmoja kwa mkono mmoja. Mizizi yake yote ilikuwa imelala juu juu, palepale maji yako yalipokuwa yakimwagika. Haikuwahi kuwa na sababu ya kwenda chini. Nilikaa pale na mti mkononi na sikujua niuweke wapi.

Wewe hukulia. Ulikusanya mitungi, ukaisuuza, ukaipanga nyuma ya jiko, ukaenda kumsaidia mama yako kusaga. Nilitamani sana unitukane siku ile.

Mwaka huohuo mhubiri akaifanya miti yetu kuwa mfano. Alisimama mbele ya watu akasema Mungu hutupitisha jangwani ili tutoe harufu nzuri, na watu wakaitika amina, na wengine wakageuka kunitazama kwa upole. Nilitoka nje. Ulidhani nimeona aibu. Nilikuwa na hasira kiasi cha kuogopa mikono yangu.

Kwa sababu kuna jambo ambalo mhubiri hakuliona, na Bwana Faraj hakuliona, na hata mama yako, anayeshikilia mpaka leo kwamba mbambara hautaki tone la maji, hakuliona. Nilirudi kule juu peke yangu. Nilitembea mstari wako kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kati ya mti uliosimama na mwenzake kulikuwa na vijiti vikavu, vingine vimebaki kitako tu, vingine shimo. Ulichomeka fimbo nyingi sana, mwanangu. Nyingi zilikufa kiangazi cha kwanza kabla hazijashika. Tunaisifu iliyobaki kwa kuwa ndiyo inayoonekana.

Na nikiwa pale nikakukumbuka. Ulikuwa na mtungi wa mwisho wa siku hiyo, umefika, jasho limekulowesha shingo, ukaniuliza, "Baba, niipe na hii yangu kidogo?" Mtungi ulioubeba mwenyewe, na unaomba ruhusa. Nikakwambia, "Hiyo ya kuchezea iache. Usipoteze maji." Ukasema haya baba. Hukuuliza tena, siku ile wala siku yoyote.

Mwaka jana nilipanda upya, michache, nyuma ya zizi. Sikukwambia ninafanya nini na wewe hukuuliza. Nililaza fimbo mpaka zikakauka, kama wajomba zako. Nikazichomeka, mvua ikapita, na kiangazi cha kwanza kilipokaza nikawa naupa kila mmoja kata moja tu ya maji mara moja kwa wiki, bila mbolea, samadi kiganja kimoja tu. Zilipoanza mvua za pili nikaacha kabisa. Haukufa hata mmoja. Ni mifupi, imejikaza, na nimejaribu kuutikisa mmoja, haukutikisika. Kumbe hivyo tu. Kidogo, mwanzoni, halafu uuache uende zake. Ningefurahi kujua hayo nikiwa na mtoto wa darasa la sita. Nimeyajua nikiwa na mtu mzima ambaye begi lake liko mlangoni.

Wiki ile yule mama wakala alipokuja kutoka Ukunda kukutazama, wewe ulikuwa umekaa pale kwenye kigoda, mikono mapajani. Alikuuliza kama waweza kuamka mapema, ukasema ndiyo. Kama waweza kukaa na njaa kidogo chakula kikichelewa, ukasema ndiyo. Kama utalia lia kwenu. Ukasema hapana. Akanigeukia amefurahi.

"Baba, huyu ako sawa kabisa. Wengine hupiga simu kila siku, wananisumbua tu. Huyu ni mvumilivu, ameshazoea. Hao mabosi wanapenda hivyo."

Nikasikia kicheko cha Bwana Faraj. Kilekile. Imepata tabu, yatoa. Nilipaswa kumfukuza mwanamke yule. Nikamkaribisha chai.

Kwa hiyo sikiliza, na hili ndilo lililonikalisha hapa mchana kutwa. Watu watakuambia, huko na huku, kwamba shida ilikukomaza. Mama yako atakuambia kwa mapenzi, mhubiri kwa Biblia, na hao utakaowafanyia kazi watakusifu kwa hilo. Mimi niliyeishika ile shida mkononi na kukupa, nakwambia haikukufaa kitu. Ungekomaa hata kwa maji. Ulikuwa na kichwa, mwalimu alitembea juani kuja kuniambia. Kwamba umesimama mpaka leo ni kazi yako mwenyewe, hakuna mtu mwingine wa kushukuriwa, na mimi ndiye wa mwisho kabisa.

Na utomvu ule wanaousifia, nimeutazama siku nyingi sasa. Mti hautoi zawadi. Mti umekatwa, unajaribu kufunga kidonda.

Wakikukata huko, mwanangu, usinyamaze. Najua wajua kunyamaza, nilikufunza mimi, na ndilo somo la pekee nililokupa likashika. Lisahau. Piga kelele, lia lia kwetu, msumbue wakala, ukimbie hata usiku kama ni lazima. Usivumilie jambo kwa sababu nyumbani uliwahi kuvumilia baya kuliko hilo. Rudi hata baada ya mwezi mmoja. Rudi mikono mitupu, na hapa hakuna atakayeitazama mikono yako. Nasema hivi nikijua sina uwezo wa kukurudisha ukikwama, na hilo ndilo linalonikosesha pumzi tangu asubuhi. Sina ardhi ya kuuza iliyo na maji. Sina mtu huko. Nina maneno tu, na ya kwangu wayajua yalivyo.

Sidhani utarudi, Mbeyu. Sisemi utakufa, Mungu apishe mbali. Nasema sioni sababu ya kurudi niliyokuwekea. Mizizi huenda pale palipo na kitu cha kufuata.

Huenda katika nyumba hiyo wakakupa chetezo ukipitishe vyumbani, na huenda humo ndani kukawa na donge lililotoka huku kwetu, kwa Bwana Faraj, hata kwenye mstari wako. Sisi tulipanga kupeleka utomvu Uarabuni ili wewe ubaki usome. Sasa tumeupeleka, na wewe tumekupeleka. Ukiisikia harufu hiyo, usiniwaze mimi. Iwaze ile miti mingine, iliyokufa kule juu kwenye mawe, uliyoniombea maji nikakunyima.

Mama yako atakapokuamsha alfajiri utakuta mitungi miwili nyuma ya jiko, imejaa. Usidhani ni yeye. Nimekwenda bombani leo mara tu mlipoondoka, nimepanga foleni na wasichana, wakanicheka, na baiskeli imeniangusha mara moja pale kwenye korongo, ndiyo maana wa pili umepungua kidogo. Ni maji yako ya kuoga. Najua utataka kumbakishia mama yako, au kuwamwagia mbuzi. Usibakishe. Yaoge yote.

Baba yako